Kulamawe Ziko Mbili: Historia Fupi ya Kuorodhesha Biashara Bure

Leo naweka programu kando kidogo tuzungumze historia, na aliyenichokoza ni shangazi yangu. Ana duka dogo Kulamawe, kaunti ya Isiolo, la unga, sukari, majani chai na sabuni. Siku moja akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Niwekee duka langu kwenye simu watu walione. Nasikia ni bure."

Ni bure kweli. Nikajaza jina la duka, namba ya simu, saa za kufungua, na mahali: Kulamawe, Isiolo. Dakika 10 nikamaliza, nikajipongeza...

Wiki mbili baadaye gari la msambazaji mpya wa unga likafuata ile alama ya ramani hadi mtaa wa Kulamawe ulio ndani ya mji wa Isiolo. Shangazi hayuko huko! Kulamawe yake ni kituo cha njiani, karibu kilomita 80 kutoka mjini, kwenye barabara ya kwenda Modogashe. Dereva alizunguka, akapiga simu, mtandao ukakataa, akaamua kuuza unga wake kwingine. Kosa ni langu, sikuangalia pini imekaa wapi. Lakini lilinifanya nijiulize: hii kazi ya kuorodhesha biashara ilianzia wapi, na kwa nini inamshinda mtu wa Kulamawe wakati mtu wa London anaifanya huku akinywa chai?

Tuanze mbali. Mwaka 1878, mjini New Haven huko Marekani, ilichapishwa orodha ya kwanza ya wenye simu. Ilikuwa karatasi moja tu yenye wateja 50, na haikuwa na namba hata moja. Ulimtajia mtu wa kampuni ya simu jina, yeye akakuunganisha. Mwaka 1886 mchapishaji wa Chicago, Reuben H. Donnelley, akatoa kitabu cha biashara zilizopangwa kwa aina ya kazi, na hapo ndipo kurasa za manjano zikashika kasi. Angalia vizuri lakini: ili uingie humo ulihitaji kwanza kuwa na simu.

Mtindo huo ukafika kwetu. Hapa Kenya simu na barua zilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, KPTC, mpaka mwaka 1999 lilipogawanywa na kuzaa Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia mawasiliano. Kitabu cha simu kilikuwa cha wenye simu za mezani. Anwani nayo haikuwa nyumba wala barabara, ilikuwa sanduku la posta. Sanduku linaonyesha barua yako itafika posta gani, halionyeshi duka lako liko wapi. Mwenye duka asiye na waya wala sanduku hakuwepo kwenye karatasi, hata kama kila mchungaji na kila dereva wa njia ile alimjua kwa jina.

Mwaka 2005 Google wakaleta Google Maps, na mwaka huo huo wakafungua mahali pa mwenye biashara kujiandikisha mwenyewe bila malipo. Ili kuthibitisha kwamba biashara ni yako, walikupigia simu au walikutumia kadi kwa posta yenye namba ya siri. Umeona? Mfumo mpya, lakini ndani yake kuna dhana ya zamani, kwamba kila duka lina mlango wenye namba, na mtu wa posta anaufikia mlango huo. Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki dhana hiyo haikuwa kweli.

Kwa hiyo wengine wakaanza upande wa pili: kuchora mahali penyewe kwanza. OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuihariri, ilianzishwa na Steve Coast mwaka 2004. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, jijini Nairobi, walitembea na vifaa vya GPS wakachora vichochoro, maduka, shule na vyoo vya mtaa wao katika mradi wa Map Kibera. Google nao walikuwa na Map Maker kuanzia 2008, raia wakachora nchi zao. Mwaka 2015 mtu mmoja akachora roboti la Android likikojolea nembo ya Apple karibu na Rawalpindi, Pakistani! Huduma ikasimamishwa kwa muda, na mwaka 2017 ikafungwa kabisa. Hapo ndipo unaelewa kwa nini wanadai uthibitisho.

Leo uthibitisho unaweza kuwa wa video: unaonyesha barabara, kibao cha duka, ndani, na kitu cha kuonyesha kwamba wewe ndiye mwenyewe. Kwa mwenye duka asiye na namba ya mlango hii ni afadhali kuliko kadi, ila video inakula bando, na mtandao usipokuwa na nguvu utarudia na kurudia.

Jambo jingine ambalo historia inatufundisha: cha bure si chako. Huduma ile ile ya Google imebadilishwa jina na sura tena na tena, ikawa Places mwaka 2010, My Business mwaka 2014, Business Profile mwaka 2021. Zile tovuti ndogo za bure walizowapa wenye biashara zilizimwa mwaka 2024. Aliyetegemea hiyo peke yake alibaki bila tovuti.

Basi nilimfanyia nini shangazi? Kwanza niliondoa ile pini, nikamwomba binamu yangu asimame mlangoni pa duka na kunitumia mahali alipo kutoka kwenye simu yake. Nikachukua Plus Code ya pale, anwani fupi inayotokana na latitudo na longitudo, isiyohitaji jina la barabara. Nikaandika maelezo: Kulamawe ya barabara ya Modogashe, si mtaa wa mjini. Kisha nikaliweka duka kwenye OpenStreetMap pia, na kituo chenyewe nikakipa tahajia zote mbili, Kulamawe na Kula Mawe, maana watu huandika hivi na vile na mashine haijui ni kitu kimoja. Mwisho nikaandika kila kitu kwenye daftari lake la madeni, pamoja na nywila. Daftari hilo halizimwi na mtu.

Msambazaji alirudi mwezi uliofuata, safari hii akafika mlangoni. Ukiwa na duka mahali kama hapo, jiandikishe leo, lakini simama pale pale unapouzia ukiangalia pini inakaa wapi. Usipojiweka mwenyewe, mtu wa mbali atakuweka anapodhani upo... kama nilivyofanya mimi!

Haya, tuonane tena panapo majaliwa.