Bustani za Nyumbani katika Milima ya Uluguru
Katika Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, kilimo cha kuzunguka nyumba kiliongozwa tangu zamani na misimu miwili ya mvua, yaani vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika ya Machi hadi Mei, ingawa miteremko ya mashariki, inayopokea unyevu wa Bahari ya Hindi, hupata mvua karibu mwaka mzima. Ardhi ilishikwa na lukolo, yaani ukoo unaohesabiwa kwa upande wa mama, hivyo mwanamke wa Kiluguru aliweza kupanda migomba na maharage bila kutegemea ardhi ya mumewe. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, ambayo hukata mteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi hiyo nzito ilichukiwa, na si bila sababu, kwani mara nyingi ilifukua udongo usio na rutuba, hata upinzani ukalipuka Matombo mwaka 1955 na mpango ukaachwa. Huko Mgeta, hata hivyo, ambako kabichi na mboga nyingine za nchi za baridi zilikuwa na soko, wakulima waliendelea na ngazi hizo kwa hiari yao.