Tawi la Memphis

Mwaka 2009 kaka yangu alikuwa akiinama kupita mlango wa nyumba yetu Madibira. Redio ilipotangaza kwamba Hasheem Thabeet ameteuliwa wa pili na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, wavunaji wa mpunga wakaanza kumwita kaka Hashimu. Akatundika ringi ya baiskeli kwenye nguzo, likawa goli.

Sasa nasoma shahada ya umahiri ya historia, nami nimeifuatilia timu ile. Ilianzia Vancouver, Kanada, mwaka 1995, ikaitwa jina la dubu wa milima ya huko. Kwa misimu sita haikufika mtoano. Mwaka 2001 ikahamia Memphis, mji usio na dubu hao, na jina lake ikalibeba.

Februari 2011 Thabeet akapelekwa Houston. Miezi miwili baadaye Memphis, ya nane Magharibi, ikaitoa San Antonio Spurs iliyokuwa ya kwanza. Haikuwahi kushinda raundi ya mtoano kabla ya hapo.

Wengi humtaja Thabeet kama kosa la timu, maana nyuma yake waliteuliwa James Harden na Stephen Curry. Nilimweleza kaka kwa simu. Akanyamaza kidogo.

“Kosa lao,” akasema. “Hapa watoto bado wanacheza.”

Simba na Yanga wana matawi hadi vijijini. Nikiandika historia ya Grizzlies, nitaandika kwamba nao walikuwa na tawi Madibira, lenye nguzo moja na ringi ya baiskeli.