Wakati Ndani ya Baiti Nne

Tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kila programu inayohesabu wakati kwa biti 32, moja ikiwa ya alama ya hasi, itafika sekunde ya 2,147,483,647 tangu mwaka 1970 uanze. Sekunde inayofuata haina pa kukaa: namba itageuka hasi, na tarehe itarudi Desemba 1901. Lawama huelekezwa kwa waasisi wa mfumo endeshi wa Unix waliobana matumizi. Kwangu, kubana kulikuwa halali. Kosa ni kuurithi uamuzi wao hata sababu yake ilipokwisha.

Ushahidi uko kwenye mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotolewa Bell Labs nchini Marekani Novemba 1971. Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuhesabu wakati tangu Januari 1 mwaka ule ule, si kwa sekunde bali kwa sehemu zake za sitini. Kwa mwendo huo biti 32 hujaa baada ya miaka miwili na robo hivi, na mwongozo wenyewe uliukiri ufupi huo bila kuficha. Baadaye hesabu ikawa ya sekunde nzima na mwanzo ukawekwa 1970: walipoteza udogo wa kipimo, wakapata miaka 68 mbele na 68 nyuma. Waliweza kubadili kwa sababu mashine zilikuwa chache. Waasisi hao, basi, hawakuuona uamuzi wao kuwa mtakatifu.

Hifadhidata ndizo zilizougandisha. MySQL iliipa aina yake ya TIMESTAMP baiti nne, yaani biti 32, ikaukataa kabisa wakati wa kabla ya 1970. Uhuru wa Tanganyika, Desemba 9, 1961, hauingii humo, sharti utafutiwe aina nyingine. Lakini njia nyingine zilikuwepo. Oracle, katika aina yake ya DATE, hutenga baiti saba: karne, mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, kila kimoja na baiti yake. PostgreSQL hutumia baiti nane na kuhesabu sehemu za milioni za sekunde kuanzia mwaka 2000. Nayo zamani iliweza kuhifadhi wakati kwa namba za desimali, ambazo usahihi wake ulififia kadiri tarehe ilivyokuwa mbali na 2000. Toleo la 8.4 la mwaka 2009 likafanya namba kamili kuwa chaguo la kawaida.

Yuko atakayesema hofu imepitwa na wakati, maana kompyuta za leo ni za biti 64, na tangu 2020 hata Linux ya mashine za biti 32 inaweza kuhesabu kwa biti 64. Ni kweli kwa mashine. Jedwali, hata hivyo, halipanuki kwa kuhamishiwa kwenye seva mpya. Safu iliyoundwa kwa baiti nne hubaki na baiti nne. MariaDB 11.5 imesogeza mpaka hadi 2106 kwa kuitumia biti iliyokuwa ya alama ya hasi, hatua ya busara, ingawa baiti ni zile zile. Wala tatizo halisubiri 2038: mkopo wa nyumba wa miaka 20 unaosainiwa leo una tarehe ya mwisho ambayo safu inayoishia 2038 haiwezi kuiandika.