Maneno ya Kununulia Ago

Mwarabu akisema bayʿ ana maana ya mauzo. Bei kwake ni thaman. Sisi tuliyapokea maneno yote mawili tukayabadilishia viti. Bayʿ ikawa bei. Thaman ikapandishwa cheo ikawa thamani, yaani ubora wa kitu hata kama hakiuzwi. Kwa hiyo Mswahili anaweza kusema kitu kina bei lakini hakina thamani, na mtoto wa shule akamwelewa. Lugha yenye kisu kikali namna hii haifai kuwa butu mbele ya muuzaji yeyote.

Lakini inakuwa butu. Waswahili walioko Marekani, kuanzia Minnesota hadi Texas, wakienda kununua zile nyumba za kuvutwa nyuma ya gari, hurudi kwenye Kiingereza hata pale mume na mke wanapovutana pembeni kunong'onezana. Si kwamba hatujui kupatana bei. Aliyekulia Kariakoo au Gikomba afundishwe nini? Ila kule bei imekatwa vipande, kila kipande kina jina lake, na asiyekuwa na jina la kipande hukilipa bila kukiona. Tuvipe majina, tukianza na bidhaa yenyewe.

Trela. Neno lipo, limezoeleka, na wengine husema tela. Kasoro yake ni kwamba lina kazi tayari: ni lile behewa la mizigo nyuma ya lori, na kwa Wakenya wengi ni lori zima. Wapo Waafrika Mashariki chungu nzima wanaoendesha malori Marekani. Waambie "nimenunua trela" watakupongeza kwa kufungua biashara ya kubeba mizigo, halafu watakuuliza una mikataba na nani.

Karavani. Waingereza huliita hivyo, nao walilitoa mbali: kwa Waajemi kārwān ni msafara. Jina la watu wengi waliofuatana njiani limeishia kwenye kibanda kimoja kilichoegeshwa. Sisi msafara wetu haujapungua hivyo. Wapagazi wa Bagamoyo hadi Ujiji walikuwa msafara, na trela 41 za Airstream alizoziongoza Wally Byam kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959 na 1960 zilikuwa msafara. Moja peke yake si msafara. Karavani tuwaachie wenyewe.

Kikokotwa. Kitenzi kokota kilishatuzalia mkokoteni, kwa hiyo umbo hili ni halali kabisa. Lakini sikio la Mtanzania litasikia kikokotoo, na tangu ule mjadala wa mafao ya wastaafu, neno hilo haliwachekeshi watu.

Ago. Hili ndilo langu. Ni neno kongwe la Pwani kwa mahali pa kutua na kulala safarini, nalo lina wingi wake ulionyooka, maago. Leo limebaki hai karibu ndani ya methali tu: mwacha ago hanyeli, huenda akauya papo. Kuuya ni kurudi. Aliyelala mahali asipachafue anapoondoka, kwani kesho njia itamrudisha. Tuseme ago la magurudumu tunapomweleza mgeni, na ago tupu tukiwa wenyewe. Methali nayo inakuja na faida yake: paa likivuja ndani ya muda wa dhamana, aliyekuuzia ndiye utakayemrudia. Tafuta bei kwa ukali unaoutaka, lakini usimtukane mtu mlangoni pake.

Dalali. Wengi humwita hivyo yule mwenye uwanja wa maago. Neno ni la Kiarabu, dallāl, mwenye kuonyesha, na ni ndugu wa damu wa dalili. Dalali huonyesha mali ya mwingine akachukua udalali wake. Wakala naye husimama badala ya mwenye mali. Mtu wa uwanjani si mmoja wao: ameinunua mali kiwandani, mara nyingi kaskazini mwa Indiana katika eneo la Elkhart, ambako maago mengi ya Marekani huundwa, naye anaiuza kwa jina lake. Anayenunua kwa jumla akauza kwa rejareja ni mchuuzi. Tumelishusha neno hili mpaka tukalifunga kwenye samaki na nyanya, ila ukubwa wa uwanja haubadilishi kazi. Ukimwita mchuuzi hujamdharau. Umejikumbusha kwamba ana bei aliyonunulia.

Mali kauli. Hapa wafanyabiashara wetu wametangulia wataalamu wa istilahi. Mali kauli ni bidhaa uliyokabidhiwa kwa ahadi ya mdomo: uza kwanza, ulipe baadaye. Mchuuzi wa maago naye hujaza uwanja kwa fedha isiyo yake, tofauti ni kwamba aliyemlipia kiwandani ni mkopeshaji, na mkopeshaji hasikilizi kauli, anahesabu siku. Kila mwezi ago linapokaa bila mnunuzi, linamla mwenyewe. Hiyo si mali kauli tena. Ni mali riba. Ago la toleo la mwaka jana, lililopigwa jua msimu mzima huku matoleo mapya yakiingia, ndiyo mali riba iliyoiva. Mwenye neno hili kichwani huuliza swali la kwanza tofauti na la wenzake: hili lina muda gani hapa?

Bei elekezi. Magazeti ya Tanzania yameizoesha kwa sukari na mbolea, na msomaji husikia ndani yake mkono wa serikali: ukizidisha, umevunja amri. Namba iliyobandikwa kwenye ago haina mkono huo. Ni kiwanda kinachopendekeza, na mchuuzi yuko huru kuipandisha au kuishusha. Hata ile sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 inayotaka gari jipya libandikwe karatasi ya bei kiooni, haiyahusu maago. Basi tuiite bei pendekezi. Pendekezo hukubaliwa, hukataliwa, au hujibiwa kwa pendekezo jingine.

Punguzo. Neno zuri lenye tabia mbaya ya kusimama peke yake. Punguza ni kitenzi kinachodai kitu cha kupunguzwa, kwa hiyo kila ukisikia punguzo uliza: kutoka wapi? Wanunuzi wazoefu wa maago mapya hutarajia kushuka asilimia 20 hadi 30 chini ya bei pendekezi, na wachuuzi wanalijua hilo. Ikiwa pendekezo lilipandishwa ili lipate kushushwa, kilichopunguzwa ni hewa. Kitenzi cha mtaani, kurusha bei, kinaieleza hila hii vizuri kuliko istilahi yoyote ya darasani: kilichorushwa kitashuka chenyewe, na ukikidaka usijisifu.

Ankara na mtaji. Mchuuzi huweza kukufunulia ankara ya kiwanda na kusema huu ndio mtaji wake, hana anachopata. Maneno haya si pacha. Ankara ni hati ya kudai malipo. Mtaji ni fedha iliyotoka mfukoni ikabaki nje. Kiwanda kikimrudishia sehemu baadaye kama motisha ya mauzo, ankara haibadiliki lakini mtaji umepungua. Usiruhusu neno moja livae nguo za jingine.

Ada na tozo. Ada ni Kiarabu ʿāda, mazoea, ndiyo maana tunasema mila na ada. Malipo yalichukua jina la desturi kwa sababu yalikuwa ya desturi, kama ada za harusi. Mchuuzi hulipenda neno la namna hii: makaratasi dola kadhaa, maandalizi dola kadhaa, "kila mtu hulipa". Tozo halijifichi. Linatoka kwa toza, nalo linabeba mtozaji na mtozwaji. Watanzania waliokatwa tozo za miamala ya simu mwaka 2021 hawahitaji kamusi. Napendekeza tugawe hivi: kodi na ada ya usajili ni za serikali, wala hazina mapatano, alizobuni mchuuzi zote ni tozo. Tozo ya makaratasi. Tozo ya maandalizi. Zikitajwa hivyo, swali "ananitoza kwa lipi?" linakuja lenyewe.

Nauli. Gharama ya kulileta ago kutoka kiwandani tumezoea kuiita kwa maneno matatu, gharama za usafirishaji. Nauli latosha. Leo tumelifanya la abiria, lakini asili yake, nawl ya Kiarabu, ni malipo ya shehena ya chombo. Tulirudishe kwenye mizigo. Kisha tuulize kama nauli imo ndani ya bei au inasubiri ukurasa wa pili.

Arbuni. Ndiyo fedha ya kushikia mali kabla ya kuimaliza. Kiarabu ni ʿarbūn, na kwetu lina umbo la pili, rubuni, ambalo lilipogeuka kitenzi likaharibika tabia: kumrubuni mtu ni kumvuta kwa hila. Bila shaka wengi walitoa rubuni wasiione mali. Nashauri nomino ibaki arbuni, safi, na tuipe vivumishi viwili ambavyo mchuuzi atalazimika kuchagua kimoja kwa maandishi: arbuni rejeshi, inayorudi ukighairi, na arbuni potevu, isiyorudi.

Marejesho. Mchuuzi atapenda kukuuliza unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Mikopo ya maago huweza kunyooshwa hadi miaka 15 au 20, na kadiri inavyonyooka ndivyo fungu la mwezi linavyoonekana dogo. Rejesho ni neno jema kwa sababu linakumbusha kwamba unarudisha, na kinachorudishwa kina jumla. Mtaani mikopo ya kunyonya imepewa jina la kausha damu. Jina hilo halina haja ya kuboreshwa. Jibu la swali la mwezi ni swali la jumla.

Bei timilifu. Sokoni tuna bei ya mwisho, na kila mtu anajua kwamba bei ya mwisho ndiyo ya kuanzia. Kule tunahitaji jina la jumla isiyobaki kitu nyuma: ago, nauli, kodi, ada na tozo zote. Wengine watasema bei kamili, si vibaya. Mimi nachagua timilifu kwa sababu wanasarufi walishatufunza hali timilifu, ile ya -me-: amelipa, limetoka, imekwisha. Tendo limefika, halidai nyongeza. Hii ndiyo bei pekee inayofaa kulinganishwa kati ya mchuuzi mmoja na mwingine, na ndiyo pekee inayostahili kuandikwa kwenye barua pepe kabla ya kufunga safari.

Kupatana. Waandishi wa habari wametuletea majadiliano ya bei, kutoka jadili, lenye harufu ya ubishi. Matangazo ya mitandaoni yanasema maongezi yapo, au bei ni maelewano, nayo yanapendeza. Lakini kupatana ndilo baba yao. Pata, ukaongeza -ana: huyu apate na yule apate. Kiambishi hicho hakikubali mtendaji mmoja. Hakuna anayepatana peke yake. Kwa yule aliyemfinya mwenzake tuna kitenzi kingine, kulalia, na kwa aliyefinywa tuna kulaliwa. Mchuuzi naye ana kodi ya uwanja na mishahara ya mafundi, na bei inayomwacha na faida ndogo bado ni mapatano. Ila kabla hujasaini, soma karatasi kipande kwa kipande kwa majina haya. Ukikuta kipande ambacho hakuna hata jina moja kati ya haya linalokitosha, usitie arbuni mpaka akueleze ni nini.