Garratt, Mhandisi Asiyeiona Afrika Mashariki

Kisiwa chetu cha Pemba hakijawahi kuwa na reli. Hata hivyo, nilipokuwa mtoto, garimoshi moja lilitajwa sana nyumbani kwetu. Marehemu baba yangu mdogo alikuwa fundi katika karakana ya reli Nairobi, na kila alipovuka bahari kuja kusherehekea Diwali pamoja nasi alisimulia habari za "Garati". Mimi nilisikia "Gujarati", nikaamini kwa miaka mingi kwamba injini ile iliundwa na wazee wetu.

Kumbe jina ni la Mwingereza, Herbert William Garratt, aliyezaliwa London mwaka 1864. Alijifunza ufundi katika karakana ya reli ya Bow, kisha akaifuata riziki ng'ambo, kama walivyofanya wazee wetu: Argentina, Cuba, Lagos, Peru. Aliporejea kwao akawa mkaguzi wa injini zilizoundwa kwa ajili ya reli za New South Wales, Australia.

Tatizo lililowasumbua wahandisi wa zama hizo lilikuwa hili. Reli nyingi za ng'ambo zilikuwa za chuma chepesi, zenye kona kali na miinuko mirefu. Injini ndogo haikuweza kuvuta mzigo; injini kubwa iliilemea reli, na katika kona haikupinda. Mwaka 1907 Garratt aliomba hataza ya jawabu lake. Alilitundika bwela katikati, juu ya fremu, na kuiegemeza fremu hiyo juu ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikiweza kugeuka peke yake. Uzito ukagawanyika juu ya magurudumu mengi. Na kwa kuwa chini ya bwela hapakuwa na magurudumu, tanuri liliweza kuwa pana na lenye kina, likatoa mvuke kwa wingi. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda mbili za kwanza mwaka 1909, zikapelekwa Tasmania.

Garratt alifariki mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 49. Injini za jina lake zilifika katika reli ya Kenya na Uganda mwaka 1926. Kubwa kuliko zote zilikuja mwaka 1955 na 1956: 34 kwa idadi, kila moja tani zipatazo 250, zikipanda kutoka bandari ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530 na zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyozizidi duniani.

Zilipewa majina ya milima. Mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, nazo ni Gelai na Shengena, milima ya kwetu Tanzania, jambo ambalo wenyeji wangu wa Nairobi hawakulifahamu hadi nilipowaambia. Nilisimama kando ya Gelai nikakitazama kibao cha jina la mlima. Jina la fundi sikuliona, wala sikulitarajia.

Baba mdogo hakuwahi kulipa ada ya uanachama hapa, maana aliishi mbali. Lakini kila Diwali aliyokuwa kisiwani, kengele ya mandiri yetu ilikazwa na kutiwa mafuta kwa mikono yake. Nimeiomba kamati ya kitabu hiki iliweke jina lake katika orodha ya marehemu wetu.