Kuzama kwa Merikebu Khedive Ismail, 1944

Neno meli, tulitumialo kila siku, asili yake ni neno la Kiingereza la barua za posta. Na merikebu hii ilikuwa meli kwa maana hiyo hasa. Iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya biashara ya Chile, ikaitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ikanunuliwa na Wamisri wenye kazi ya kuchukua posta na abiria, nao wakaipa jina la Khedive Ismail. Vita vilipokuja ikatwaliwa ichukue askari.

Februari 1944 ilitweka Mombasa kwenda Colombo pamoja na merikebu nyingine nne, zikilindwa na manowari. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511, na miongoni mwao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wanawake. Tarehe 12, baada ya adhuhuri, karibu na Visiwa vya Maldivi, wengi walikuwa chini wakisikiliza muziki. Ndipo nyambizi ya Wajapani, I-27, ilipotupa topido, na mbili zikaipata. Merikebu ikazama kabla ya kutimia dakika mbili.

Waliookoka wakawa wakielea, na nyambizi imejificha chini yao. Manowari Petard na Paladin zilikuwa na shauri zito: kuiacha ni kuhatarisha merikebu nne zilizosalia, kuipiga ni kuwapiga waogeleao. Wakaangusha mabomu ya maji pale pale, na baadhi ya watu wao wakafa kwayo. Simhukumu nahodha aliyetoa amri ile, lakini pia sioni sababu ya kuwaficha wafiwa habari hii, kama ilivyofanywa mara nyingi. Nyambizi ikalazimika kupanda juu. Paladin ikaiendea kuigonga, ikapasuliwa yenyewe ubavuni. Hata topido ya saba ya Petard ikaimaliza.

Walikufa 1,297, na katika hao wanawake 77. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Kwetu matanga huanza kwa kuzika. Hapa hapakuwa na maiti wala kaburi. Jamaa bara na pwani walipata habari tu. Majina ya askari wengi wa Afrika Mashariki waliopotea siku ile yamechorwa katika ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, mbali na bahari.