Kutoka Mafiga Matatu hadi Jiko la Udongo: Safari ya Moto Wetu

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi mtasoma habari za hisa, mikopo na mgao. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika ukurasa wa historia tumeonelea tuandike juu ya jiko la kuni. Huenda wengine mtacheka: hivi jiko nalo lina historia? Linayo, tena ndefu. Na katika miaka yetu kumi hakuna mkopo uliokaribia kukivunja kikundi hiki kama mkopo wa majiko. Kwa hiyo tumeona tuyaeleze yote, hata yale yanayotuaibisha kidogo.

Dhahabu iliandikwa, moto haukuandikwa

Ukimwuliza mtu historia ya huku kwetu, atakuanzia na Sekenke. Na ni kweli. Wajerumani walichimba dhahabu Sekenke kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916, walipobanwa na vita na fedha zikawa haba, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Sarafu hizo leo zinatafutwa na matajiri wa nchi za nje. Haya yamo vitabuni.

Lakini mchimbaji hali dhahabu. Mtu alisonga ugali, mtu alikwenda porini kutafuta kuni, mtu aliupulizia moto mpaka machozi yakamtoka. Habari za huyo hazimo vitabuni. Tunazijua kwa sababu bibi zetu walitusimulia, na kwa sababu sisi wenyewe tuliyakuta mafiga matatu yale yale waliyoyatumia wao.

Tusiyatukane mafiga. Yana sifa zake. Hayanunuliwi. Yanapokea chungu kidogo na sufuria ya msibani vile vile, unayasogeza tu. Usiku moto wake ni taa, na wakati wa baridi ni blanketi. Moshi wake ulifukuza wadudu kwenye mahindi na mtama uliotundikwa darini. Na yametuachia methali ambayo kikundi chetu kinaisema karibu kila mkutano: figa moja haliinjiki chungu.

Ubaya wake nao tunaujua. Moto wa mafiga uko wazi pande zote. Upepo unauchukua, na sehemu kubwa ya joto inakwenda kuwapasha moto kuku badala ya sufuria. Mtoto anayetambaa hana kizuizi. Na moshi unabaki machoni na kifuani mwa mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Bibi zetu hawakuwa na hesabu hiyo. Walisema tu, "moshi unakula macho."

Kuni zilipotukimbia

Zamani nyumba zilikuwa mbali mbali, na kila mji ulikuwa na pori lake. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Ilileta watu karibu na shule, zahanati na kisima, na hayo tunayashukuru. Lakini watu wengi wakikaa pamoja wanakata miti ile ile. Mwanzo kuni zilikuwa nyuma ya nyumba, kisha zikahamia ng'ambo ya mashamba, kisha zikawa safari. Mama anaondoka alfajiri na panga na ngata, anarudi jua la utosi na mzigo kichwani. Hapo ndipo asubuhi nzima ilipokuwa inakwenda.

Serikali nayo iliona. Mwaka 1973 redio ilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1980 ikafuata ya Misitu ni Mali. Mwaka 1986 jirani zetu wa Shinyanga walianza mpango wa Hifadhi Ardhi, maarufu kama HASHI. Pale Shinyanga miti ilikuwa imefyekwa miaka mingi, mingine ili kuwaondoa mbung'o. HASHI ilifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga eneo na kulipumzisha ili majani na miti irudi. Miti ikarudi kweli, kwa sababu wenye eneo walikuwa wenyewe na walilinda wenyewe. Mwaka 2002 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Neno hilo la kulinda mtaliona tena mbele.

Majiko ya wenzetu

Wakati huo huo watu walikuwa wanahangaika na jiko lenyewe. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi juu ya nishati mpya, na katika miaka iliyofuata mafundi wa jua kali wa Kenya wakatengeneza jiko la mkaa lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani. Wazo lake lilitoka Thailand. Likaenea kwa sababu mafundi wengi walijua kulitengeneza na lilipatikana sokoni. Upande wa kuni, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilisaidia kueneza jiko lililopewa jina la Maendeleo, ambalo baadaye liliitwa Upesi: chungu cha udongo wa kuchoma kisicho na kitako, kinajengewa matope pembeni hapo hapo jikoni. Kwetu Tanzania, mwaka 1988 jiko la mkaa la namna ile ya Kenya lilianza kuenezwa Dar es Salaam kwa jina la Jiko Bora, na mwaka 1990 likaanzishwa shirika la TaTEDO ambalo limeshughulika na majiko mpaka leo.

Lakini si kila mahali mambo yalikwenda vizuri. Huko Orissa, India, watafiti Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia kaya zipatazo 2,600 kwa miaka mpaka minne. Kaya hizo zilijengewa majiko ya udongo yenye bomba la moshi kwa gharama ndogo sana. Mwaka wa kwanza moshi waliovuta wapishi ulipungua. Kuanzia mwaka wa pili nafuu hiyo haikuonekana tena. Kwa nini? Majiko hayakutunzwa, na watu waliyatumia kidogo kidogo mpaka wakayaacha. Tulipoelezwa habari hizi tulitazamana. Kumbe na sisi tulishapita njia hiyo hiyo.

Kosa letu

Ilikuwa mwaka wetu wa tatu. Alikuja fundi kutoka mbali, mwenye maneno matamu, akatuonyesha jiko la udongo zuri la kupendeza. Tukapitisha mkopo, wanachama kumi na wawili wakajengewa. Baada ya siku tatu tukaambiwa tuwashe. Jamani, tulifurahi! Kuni za siku moja zikaenda siku mbili. Fundi akachukua hela yake akaondoka, na hakuna aliyemwuliza likipasuka tufanyeje.

Masika ilipoingia, majiko saba yalikuwa yamekwisha anguka. Lakini marejesho yalikuwa pale pale. Mwenzetu mmoja, mjane mwenye wajukuu wanne, alichelewa kulipa, nasi tukampiga faini kama katiba ilivyosema. Akachelewa tena, faini tena. Ya tatu vile vile. Hakuna kati yetu aliyefika kwake kuona.

Mkutano uliofuata akaja na kitu amekifunga kwenye khanga. Akakifungua juu ya mkeka, mbele ya kisanduku. Lilikuwa bonge la udongo lenye masizi. Akasema, "Jiko lenu hili hapa. Mie napikia mafiga. Mnataka niendelee kulilipa hili?"

Mkeka mzima kimya. Mwenyekiti akaahirisha mkutano, na kesho yake tukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Tulichokiona ni hiki.

Kwanza, majiko yaliwashwa mabichi. Udongo ukiwa na maji ndani, moto unaupasua. Pili, kuta zilikuwa nyembamba. Fundi alilijaribu jiko lake kwa kuchemsha chai. Sisi tunasonga ugali wa uwele na mtama wa watu wanane. Mwiko unasukuma sufuria kwa nguvu, na sufuria inasukuma mdomo wa jiko mpaka unakatika. Tatu, hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kuziba ufa, kwa hiyo ufa wa leo ulikuwa shimo la wiki ijayo.

Tukarudisha faini zote. Tukaazimia kwamba kikundi hakitatoa tena mkopo wa jiko mpaka wanachama wenyewe wawe wanajua kujenga na kutengeneza, na kila jiko liwe na mtu wa kulikagua asiyekuwa mwenye nyumba. Mwenzetu yule bado ni mwanachama. Ametukubalia tuandike, jina tuliache. Mama, tulikuomba radhi kwa mdomo. Leo tunakuomba kwa maandishi.

Jinsi tunavyolijenga na kulitunza

Udongo wetu ni wa kichuguu, tunautwanga na kuuchekecha, tunachanganya na mchanga kiasi na nyasi kavu zilizokatwa katwa, tunaukanda na kuulaza. Ukuta usipungue upana wa kiganja. Jiko likiisha linakaa kivulini wiki mbili au tatu. Moto wa kwanza uwe wa vijiti tu, siku kadhaa, ndipo uinjike ugali.

Kila asubuhi chota majivu kabla ya kuwasha. Majivu yakijaa, hewa haipiti chini ya kuni, na moto usiopata hewa unatoa moshi. Usiyatupe, yanasugua sufuria, yanafaa chooni, na yanasaidia kuhifadhi maharage yasibunguliwe. Lakini hakikisha yamepoa, maana kaa moja lililofichika linatosha kuunguza banda.

Kuni zipasuliwe ziwe nyembamba na ziwe kavu. Kuni mbichi inatumia moto wako kukausha maji yake yenyewe kwanza. Tunakusanya za masika wakati wa kiangazi na kuzipanga chini ya upenu. Usijaze mlango wa jiko. Vijiti viwili vitatu, unavisukuma taratibu kadiri vinavyoungua.

Kila wiki kagua vile vinundu vitatu vinavyobeba sufuria. Vikilika, sufuria inakaa kama kifuniko, moshi unakosa njia na kurudi mlangoni. Wengi hapo husema "jiko limeharibika", kumbe ni vinundu. Viongeze udongo ili ibaki nafasi ya upana wa kidole.

Ufa ukiuona, uzibe siku hiyo hiyo. Lowanisha ufa jiko likiwa limepoa, kandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu yaliyochekechwa. Na katu usizime moto kwa kumwagia maji. Vuta kuni nje uzifukie kwenye mchanga. Maji juu ya udongo wa moto ndiyo mama wa nyufa.

Lenye bomba, gonga masizi kila mwezi. Kabla ya masika, kandika jiko zima upya na uchimbe mfereji mdogo kuzunguka banda.

Tunakoelekea

Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034. Tunaupokea kwa mikono miwili, maana hatutaki kudanganyana: jiko la udongo linapunguza kuni, na likitunzwa linapunguza moshi, ila haliumalizi. Wapo wenzetu wenye mtungi wa gesi. Wanachemshia chai na kupashia kiporo, lakini mtungi ukiisha na hela haijapatikana, wanarudi kwenye kuni. Basi heri warudi kwenye jiko zima kuliko kwenye kifusi.

Na hata gesi nayo ina mpira wake, vali yake na burna yake. Nayo itataka mtu anayejua kuitazama. Tukiyarudia makosa ya mwaka wa tatu, tutalipa marejesho ya mitungi mitupu.

Ndugu msomaji, ukifika kwa mwanachama wetu yeyote, pita jikoni umwombe akuonyeshe jiko lake. Utaona viraka, vingine vipya, vingine vimeungua mpaka vikawa vyeusi. Usiyaone mabaya. Ndiyo daftari letu la pili, baada ya lile la kisandukuni.